Paka anajikuna, anaparura au ngozi inamcheza? Jinsi ya kutofautisha

Ukimkuna paka kiunoni, pale mkia unapoanzia, paka wengi huinua makalio na kuanza kulamba hewa au bega lao wenyewe. Hilo pekee si ugonjwa. La kuangalia ni kama anafanya hivyo bila kuguswa, na kama ngozi ya hapo ina vipele au upara.

Hatua ya 1: Mrekodi kwa simu. Andika saa na muda. Paka akifika kliniki huganda, daktari haoni chochote, kwa hiyo video ya sekunde 30 ina thamani kuliko maelezo yako yote.

Hatua ya 2: Kitana cha viroboto. Kiwe na meno yaliyobanana. Pitisha kiunoni, mzizi wa mkia na chini ya shingo, kisha kung'uta kwenye tishu nyeupe iliyolowa. Punje nyeusi ikiyeyuka na kuacha doa la wekundu wa kutu, hicho ni kinyesi cha kiroboto, yaani damu iliyomeng'enywa. Usiseme "sijaona kiroboto, basi hana." Paka huwameza anapojilamba, na mwenye mzio wa mate ya kiroboto huhangaika hata akiumwa mara chache tu.

Hatua ya 3: Masikio. Sugua taratibu ukingo wa sikio. Mguu wa nyuma wa upande huohuo ukianza kupigapiga, chungulia ndani. Taka nyeusi kavu mithili ya unga wa kahawa mara nyingi ni utitiri. Usichokoe kwa kijiti cha pamba, utasukuma uchafu ndani. Wala usitie dawa kabla daktari hajathibitisha kwamba ngoma ya sikio ni nzima.

Hatua ya 4: Mgongo. Chini ya ngozi ya mgongo kuna msuli mwembamba wa kutikisa ngozi, ndio unaofukuza wadudu. Kutikisika mara moja ukimgusa ni kawaida. Mawimbi yanayojirudia, mboni zilizopanuka, kugeuka ghafla kuung'ata mkia wake na kutimua mbio si kawaida. Usimshike wakati huo, atakuuma bila kukusudia. Daktari huanza kwa kuondoa uwezekano wa viroboto, mzio na maumivu ya uti wa mgongo, ndipo afikirie neva.

Hatua ya 5: Makucha. Kuparura kochi si utundu. Paka anavua ganda kuukuu la kucha, ananyoosha mgongo na kuacha harufu ya tezi za nyayo. Mpe nguzo anayoweza kujinyoosha juu yake wima: paka mkubwa anahitaji sentimita 80 hadi 90. Izungushie kamba ya mkonge bila kuacha nafasi, uibane kwa gundi. Pini za chuma hutoka na kumchoma. Kitako kiwe kipana na kizito. Nguzo ikiyumba mara moja tu, anarudi kwenye kochi, na hapo wengi husema paka hafundishiki! Isimamishe mbele ya kochi lenyewe, si pembeni ya chumba. Akishaizoea, isogeze kidogokidogo. Anayeparura zulia anataka ubao wa kulaza chini.

MASWALI YA WANACHAMA

*Nimempaka dawa ya viroboto wiki iliyopita, bado anajikuna. Dawa ni feki?*
Si lazima. Mayai huanguka kwenye zulia na matandiko, na kiroboto mchanga aliye bado kwenye kifuko chake, kabla hajawa mkubwa, hafikiwi na dawa nyingi, kwa hiyo wapya wataendelea kutoka kwa wiki kadhaa. Tibu wanyama wote wa nyumbani, fua matandiko kwa maji ya nyuzi 60, na usiruke dozi kwa angalau miezi 3.

*Wakuu, nina dawa ya viroboto ya mbwa. Nimpake nusu?*
Hapana, hata tone. Nyingi zina permethrin, sumu ya kuua wadudu ambayo humletea paka mitetemo, degedege na kifo. Kama umeshampaka, mpigie daktari sasa hivi, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha mpeleke.

*Nikimshika tumbo anakumbatia mkono wangu na kuupiga mateke.*
Anajihami. Ganda, usivute mkono. Ukiuvuta anakaza zaidi.

*Naweza kumng'oa makucha?*
Huko si kung'oa kucha, ni kukata mfupa wa mwisho wa kila kidole. Badala yake bonyeza kidole kucha itokeze, kata milimita 1 hadi 2 za ncha, mbali na sehemu ya waridi yenye damu. Rudia kila wiki 2 au 3.

*Tumbo limebaki upara lakini sijawahi kumwona akijikuna.*
Paka hujikuna kwa ulimi pia, tena kwa kificho. Papasa sehemu hiyo: vishina vikikwaruza kidole, manyoya yamekatwa kwa kulambwa. Ila upara wa mviringo wenye magamba unaweza kuwa choa, na choa huambukiza binadamu. Vaa glavu, osha mikono, mpeleke akapimwe.