Kupiga roki ya Injili Malindi, maneno yakasikika

Bendi ya kidunia inaweza kusamehewa msikilizaji akiondoka na mdundo tu kichwani. Bendi ya Injili haisamehewi. Bibi aliyekuja kuwasikiliza wajukuu zake akirudi nyumbani bila kujua walimwimba nani, basi wamepiga vyombo tu. Paulo aliliona hilo zamani: filimbi na kinubi visipotofautisha sauti, nani atajua kinachopigwa (1 Wakorintho 14:7)? Kwa hiyo hapa tunaanza na maneno. Stima na spika zitafuata, kwa sababu kazi yake ni kuyafikisha maneno hayo.

Shairi kwanza, gitaa baadaye

Bendi nyingi huchukua tuni ya Kiingereza, zikaivika Kiswahili, kisha mwimbaji akasikika kama mgeni katika lugha yake. Sababu ni mkazo. Neno la Kiswahili hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: BWA-na, mwo-KO-zi, m-sa-LA-ba, ne-E-ma. Kiingereza kimejaa maneno ya silabi moja, hivyo tuni zake hupenda kufunga mstari kwa pigo zito. Ukiweka "Mwokozi" kwenye tuni ya namna hiyo, uzito unaangukia mwisho na unapata "mwokoZI". Vijana watacheka. Wazee hawatalitambua neno.

Dawa yake iko nyumbani. Mstari wa utenzi una mizani 8, yaani silabi 8. Kipimo cha kawaida cha roki kina mapigo 4, na kila pigo likikatwa mara mbili zinapatikana nafasi 8. Mizani ya 7, yenye mkazo wa mwisho wa mstari, huangukia pigo la 4. Na snea, ile dramu ya mlio mkali, hupigwa wapi katika roki? Pigo la 2 na la 4. Watunzi wa tenzi wa Lamu hawakuwa na snea, lakini hesabu yao inaikubali bila kusukumwa.

Jaribu: "Bwana ndiye mwamba wangu." Bwa-na, ndi-ye, mwa-mba, wa-ngu. Mizani 8, na kila mkazo umekaa juu ya pigo lake: BWA la 1, NDI la 2, MWA la 3, WA la 4. Sasa badilisha neno moja: "Bwana ndiye jabali langu." Mizani ni 9. "BA" ya jabali inateleza katikati ya pigo la 3 na la 4, "LA" inaangukia baada ya snea badala ya pamoja nayo, na mpiga dramu anaanza kumlaumu mwimbaji. Kuharakisha hakusaidii. Punguza mizani: "Bwana ni jabali langu." Zimerudi 8, "BA" iko pigo la 3 na "LA" la 4. Kasoro iliyobaki ni "ni" kukaa juu ya snea ya kwanza, neno dogo lisilostahili uzito huo. Mwambie mpiga dramu aipige hiyo kwa wepesi, au andika mstari mwingine.

Kila mstari upitishwe hivyo kabla gitaa halijaunganishwa. Kaeni mezani, pigeni makofi mara 4, semeni maneno bila tuni. Mahali ulimi unapojikwaa ndipo wimbo utakapojikwaa jukwaani. Angalieni zaidi "m" inayosimama peke yake kama silabi: "msalaba" ni mizani 4, na "mtu" ni 2, mkazo ukiwa kwenye "m" yenyewe. Mwimbaji aliyezoea Kiingereza huimeza "m" hiyo, na mstari mzima unaanza kuwahi.

Kasi nayo ina mpaka. Kwa mapigo 120 kwa dakika, mizani 8 zinapita katika sekunde 2, yaani 4 kwa sekunde. Hiyo ni starehe. Kwa mapigo 160 zinafika zaidi ya 5 kwa sekunde, na hapo "k", "t" na "ch" zinaanza kupotea. Wimbo ukitaka mbio kuliko hapo, acha vyombo vikimbie na mwimbaji atembee: mizani 4 kwa kila vipigo 4, badala ya 8.

Mkitaka mistari mirefu, shairi la mizani 16 linakaa vizuri, 8 za ukwapi (nusu ya kwanza) na 8 za utao (nusu ya pili). Pale kwenye kituo cha kati, gitaa lijibu. Na mkivuta noti, vuteni silabi yenye mkazo, "msalaaaba", kamwe si ya mwisho. Noti ya juu kabisa ya kiitikio iangukie "a", "e" au "o". "I" na "u" hufunga kinywa na sauti inakuwa nyembamba.

Mkimaliza, mpelekeeni mchungaji maneno yaliyochapwa, na marejeo ya Biblia pembeni. Hilo pia ndilo jibu kwa wazee wa kanisa wanaoamini gitaa lenye mkwaruzo ni la shetani: wapeni karatasi wasome kabla hawajasikia kelele. Mnaweza kuwakumbusha kwa adabu kwamba jambo hili si la jana. Petra, bendi ya Injili ya Marekani ambayo jina lake ni mwamba kwa Kigiriki, ilianza mwaka 1972. Stryper, bendi nyingine ya huko, waliandika Isaya 53:5 chini ya nembo yao na kuwarushia watazamaji Agano Jipya kutoka jukwaani. Hilo la kurusha msiliige Malindi. Kitabu kitakatifu kikianguka mchangani mbele ya jirani Mwislamu, hakuna mahubiri yatakayofuta picha hiyo. Wekeni meza, na anayetaka aje achukue.

Saa na upepo

Malindi jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:45 jioni kutegemea mwezi, na adhana ya magharibi hufuata papo hapo. Isha huja kama saa moja na ushei baadaye. Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 nazo huhesabu usiku kuanzia saa 2, na viwango vya usiku ni vidogo mno kwa bendi ya roki. Ukiyaweka pamoja hayo yote, ratiba inajiandika: anzeni kama saa 10 alasiri baada ya kuhakikisha msikiti wa jirani umemaliza sala ya alasiri, mfunge kabla ya magharibi. Wanaosema tamasha bila giza na taa halina ladha wana hoja, lakini si wao watakaoitwa kituo cha polisi. Wakati wa Ramadhani sogezeni tarehe kabisa.

Wiki mbili kabla, barua ziende ofisi ya mazingira ya Kaunti ya Kilifi kuhusu kibali cha vipaza sauti, kituo cha polisi, na kwa wazee wa mtaa. Kwa imamu msitume barua. Nendeni wenyewe, watu wawili wenye umri, muulizeni saa za sala za wiki hiyo.

Mwezi wa kuepuka ni Mei, kilele cha masika. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi kutoka kaskazini-mashariki. Kusi kuanzia Aprili hadi Septemba kutoka upande wa kusini. Kati yake ni matlai, Oktoba na Novemba, upepo umelegea, na ndio msimu mzuri kuliko yote kwa fundi mitambo. Upepo hauibebi sauti kama mzigo, huipinda. Karibu na ardhi upepo ni wa polepole, juu una kasi, kwa hiyo sauti inayokwenda na upepo hujikunja kuelekea chini kwa watu, na inayokwenda kinyume hupaa juu ya vichwa vyao. Ndiyo maana pale Buntwani au kiwanja chochote cha ufukweni, jukwaa liipe bahari mgongo. Watu wa safu za nyuma watasikia vizuri, ila na mji pia utasikia. Inamisheni spika zitazame watu, zisitazame madirisha ya ghorofani.

Stima

Soketi ya kawaida ni 240 V na 13 A, yaani kama wati 3,100. Bendi ndogo yenye spika mbili kubwa, monita mbili (spika za kumrudishia mwimbaji sauti yake) na amplifaya tatu inaenea humo, alimradi mama wa chai hajachomeka birika kwenye waya huohuo. Taa zipate njia yake. Jenereta ya kVA 5 hutoa takriban kW 4. Iweke mita 20 au zaidi, upande ambao upepo unapeleka moshi mbali na watu.

Vyombo vyote vya sauti, pamoja na amplifaya za gitaa na mikisa (meza ya kuchanganyia sauti), vichukue stima sehemu moja. Vikitoka sehemu mbili, waya wa ardhini unafanya mzunguko na spika zinanguruma kwa 50 Hz. Wapo mafundi wanaotibu mngurumo huo kwa kuvunja pini ya ardhi ya plagi. Usikubali. Mpiga gitaa anayeimba ameshika nyuzi za chuma na midomo iko kwenye maiki ya chuma. Mchanga umelowa, na pengine hana viatu. Tumieni DI boksi (kisanduku cha kuunganisha chombo na mikisa) yenye swichi ya kukata ardhi kwenye laini ya sauti, na kwenye stima muweke swichi ya usalama ya 30 mA. Waya wa ekstensheni ukunjuliwe wote. Ukiachwa umeviringwa hupata joto hadi plastiki iyeyuke.

Spika, maiki na nani wa kwanza

Miguu ya stendi ya spika huzama mchangani. Chini ya kila mguu weka ubao wa sentimita 30 kwa 30, na uzito chini ya stendi. Spika iwe juu ya vichwa vya waliosimama, vinginevyo safu ya kwanza inameza maneno yote. Uwanjani kila umbali ukizidi maradufu unapoteza desibeli 6: 100 kwa mita 4 ni 88 kwa mita 16. Watu wakienda zaidi ya mita 30, ongezeni spika za pili hapo badala ya kupandisha za mbele, na mzicheleweshe. Kwa joto la nyuzi 30, sauti huenda mita 349 kwa sekunde, hivyo mita 30 ni milisekunde 86. Bila hesabu hiyo kila neno litasikika mara mbili.

Monita huwekwa kulingana na maiki. Maiki ya SM58 haisikii nyuma yake moja kwa moja, basi monita ikae hapo, mbele ya mwimbaji. Maiki ya Beta 58A husikia kidogo nyuma, na sehemu yake ya kiziwi iko pembeni kwa nyuma. Monita ikae upande, si katikati. Kosa hilo moja ndilo linalofanya spika zipige mluzi mwimbaji akisogea, na lawama zinamwangukia fundi wa mikisa. Mwimbaji anayefumbata kichwa cha maiki kwa kiganja kama msanii wa rap naye huiharibu, kwa sababu anaziba matundu ya nyuma. Sponji ya kuzuia upepo ni lazima Malindi.

Wakati wa majaribio, panda na sauti ya mwimbaji kwanza. Kata chini ya 100 Hz, fikisha kiwango ambacho mtu wa safu ya mwisho anarudia maneno bila kukisia. Kisha kiki (dramu kubwa ya mguu) na besi. Kinanda. Magitaa mwisho kabisa, na yaingie chini ya sauti ile, si juu yake. Wapiga gitaa hawatapenda. Mkwaruzo mwingi huziba eneo la 2 hadi 4 kHz, ambako konsonanti za mwimbaji huishi. Punguza mkwaruzo kwa theluthi kutoka ule wa mazoezini, na kwenye mikisa ondoa desibeli 3 hapo. Magitaa yakiwa mawili, moja libaki chini, lingine lipande kuanzia freti ya 7. Mtihani wa mwisho: mtu asiyezijua nyimbo asimame mita 25 na aandike kiitikio alichosikia. Akiandika vibaya, shusheni magitaa tena.

Chini ya paa la mabati mambo hugeuka: matoazi hutawala kila kitu. Mpiga dramu atumie fito (vijiti vyembamba vilivyofungwa pamoja) badala ya vijiti vya kawaida, na katika dramu zake kiki pekee ndiyo ipate maiki.

Dakika 45

Nyimbo 7 zinatosha. Gitaa lililotoka kivulini kuingia juani noti zake hushuka, maana nyuzi za chuma hutanuka. Likae jukwaani, chini ya turubai, nusu saa kabla ya kutuniwa. Ushuhuda usizidi dakika 3, kinanda kikishika kodi (chord) mbili tu chini yake, na hapo ndipo magitaa yanatuniwa kimyakimya. Mwitikio wa maombi upangwe baada ya wimbo wa polepole, snea ikiwa imenyamaza. Watu hawaji mbele wakiwa bado wanaruka. Wahudumu wa kuombea watu wasimame pembeni, mbali na spika, maana anayeombewa naye anahitaji kusikia.

Mkishuka, chumvi imeshaingia kazini. Pangusa nyuzi kwa kitambaa kikavu, moja moja, na upande wa chini pia. Ncha za nyaya, matoazi na vichwa vya maiki vipanguswe kabla ya kuingia kwenye mikoba, pamoja na pakiti za kufyonza unyevu. Gari likilala nje na vyombo ndani, asubuhi mtakuta vumbi la kutu la rangi ya chungwa kwenye kila skrubu ya dramu.