Kuongoza kipindi cha jumuiya juu ya swali "Mungu alikuwa wapi?" baada ya ajali ziwani

Kwanza, si pale msibani. Chini ya turubai kazi yako ni kukaa, kubeba maji na kuimba wenzako wakiimba. Rafiki watatu wa Ayubu walipofika walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno (Ayubu 2:13). Walianza kuharibu walipofungua midomo, kuanzia sura ya 4, na mwishoni Mungu anamwambia Elifazi kwamba yeye na wenzake wawili hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu (42:7). Subiri matanga yaanuliwe, kisha waulize wafiwa kama wanataka kuwapo. Wasipotaka, usiwabembeleze.

Tenga dakika 90. Watu 10 hadi 15 wanatosha; wakizidi hapo, wenye sauti kubwa watawameza wengine. Mwongozaji asome mapema Ayubu 1–3 na 42, Luka 13:1–5, Yohana 9:1–3, Warumi 8:18–28 na Zaburi ya 88. Andaa karatasi kubwa mbili na kalamu nene.

Kwenye karatasi ya kwanza andika mistari mitatu: Mungu ni mwema. Mungu ni muweza wa yote. Mabaya yapo kweli. Kisha uliza: ni upi tungekuwa tayari kuufuta? Swali hili ni la kale. Laktansio, mwandishi Mkristo wa mwanzoni mwa karne ya 4, alilihifadhi akisema ni la Epikuro, Mgiriki aliyeishi miaka mingi kabla ya Kristo. Wape dakika 20 na usikimbilie kujibu.

Utaona watu wanafuta bila kujua. Anayesema "ameenda kupumzika, ni baraka" ameshafuta mstari wa tatu. Anayesema "Mungu hakutaka, ila kuna mkono wa mtu" amefuta wa pili, na huku kwetu kandokando ya Ziwa Nyanza (Viktoria) hapo ndipo penye hatari. Agostino, kabla ya kuwa askofu wa Hippo, alifuata mafundisho ya Mani, mwalimu wa dini kutoka Uajemi, kwa takriban miaka 9: nguvu mbili, nuru na giza, zinapigana. Aliyaacha. Imani ya Kikristo inasema Shetani ni kiumbe, wala hana kiti sawa na cha Muumba. Mtu akianza kutaja bibi fulani wa jirani, simamisha kipindi papo hapo. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, kwa sababu ya macho mekundu tu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa jikoni. Hilo halihitaji mjadala wa kiteolojia. Linahitaji mwenyekiti mwenye sauti kavu.

Karatasi ya pili igawe kwa mstari katikati. Upande mmoja: kilichofanywa na watu. Wa pili: kilichofanywa na upepo na maji. Chukua mfano ambao kila mtu anaujua. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Uwezo wake ulikuwa wa abiria 101, na waliokufa walizidi 220. Hesabu hiyo iandikeni upande wa kwanza. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, na makaburi ya Igoma yapo kwa anayetaka kukumbuka. Sasa, "kazi ya Mungu haina makosa" tunaisema kila msibani, na ni sawa kuisema, lakini kujaza chombo kupita kiasi ni kazi ya nani? Uliza kwa upole, kisha nyamaza.

Upande wa watu, jibu la hiari lina nguvu: Mungu aliumba viumbe wanaoweza kupenda, na anayeweza kupenda kwa hiari anaweza pia kukataa. Mwanafalsafa Mkristo Alvin Plantinga alilijenga upya jibu hili kwa makini mwaka 1974, akionyesha kwamba mistari ile mitatu haipingani yenyewe kwa yenyewe. Lakini usilibebeshe mzigo usio wake. Halielezi dhoruba ya usiku iliyowakuta wavuvi wa dagaa na karabai zao, wala mtoto aliyekufa kwa malaria. Hapo wengi husema dunia inahitaji kanuni thabiti: maji yaleyale yanayobeba mtumbwi na kulea sato ndiyo yanayozamisha. Ni jibu la haki, ila linaacha deni, na ni afadhali useme hivyo waziwazi. Mwanafalsafa Mjerumani Leibniz alichapa utetezi wake wa wema wa Mungu mwaka 1710. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko likaivunja Lisbon watu wakiwa kanisani, na wengi Ulaya wakaona jibu lake jepesi.

Fundisho la Agostino kwamba uovu ni upungufu wa wema huchanganya watu kuliko yote. Wanadhani amesema uovu haupo. Tumia mtumbwi. Tundu kwenye ubao si ubao wa aina nyingine. Hakuna fundi anayechonga tundu na kulipaka rangi. Ni mahali ambapo mbao inakosekana au kalafati imetoka. Hata hivyo tundu linazamisha. Uovu una nguvu kiasi hicho, na bado Mungu hakuuumba kama kitu.

Jibu la Ireneo, askofu wa karne ya 2, kwamba binadamu anakua kuelekea ukamilifu, litumie kwa kijiko. Kumwambia mama kwamba mwanawe alizama ili yeye akomae kiroho ni ukatili, hata ukisema kwa sauti ya upole. Warumi 8:28 nayo haisemi kila jambo ni jema. Inasema Mungu anafanya kazi katika yote. Na "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa" ni maneno ya mfiwa mwenyewe. Aliyasema Ayubu, na sura mbili mbele akailaani siku aliyozaliwa. Asiyefiwa hana haki ya kumwazima mwenzake maneno hayo.

Luka 13 isome yote, hadi aya ya 5. Mnara wa Siloamu uliua watu 18, na Yesu anakana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Ukikata hapo, kuna atakayefunua Biblia yake na kukukumbusha kwamba anaendelea na wito wa kutubu. Jibu ni kwamba wito ule unawalenga wasikilizaji walio hai. Waliokufa hawahukumiwi.

Dakika 15 za mwisho ni za mikono. Nani mwaloni, pale vyombo vinapotia nanga, atahesabu abiria kabla chombo hakijang'oa nanga? Jaketi okozi ziko ngapi, na ngapi zimefungiwa stoo? Kisha mtu mmoja asome Zaburi ya 88 polepole. Inaishia gizani, bila aya ya kufariji. Usiiongezee. Salini Baba Yetu, mchango wa wafiwa uhesabiwe mbele ya wote, watu waende nyumbani.