Kutoa metali adimu kwenye jivu la makaa ya mawe: tunavyofanya maabara hapa Dar

Tuanze na hesabu, usije ukanilaumu baadaye. Jivu lenye sehemu 400 kwa milioni za metali adimu (neodimi, seriamu na wenzake) lina miligramu 40 tu kwenye gramu 100. Mavuno yako yote yanaweza kubaki kwenye karatasi ya kuchujia.

Hatua ya 1. Tafuta jivu laini la kwenye vichujio vya moshi, si yale mabonge ya chini ya tanuri. Chekecha, pitisha sumaku uondoe chembe za chuma.

Hatua ya 2. Chemsha gramu 1 kwenye asidi ya nitriki, pima kilichotoka. Wengi huiruka hatua hii. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, waliripoti kwamba jivu la makaa ya Appalachia lina miligramu 591 za metali adimu kwa kilo, la Powder River 337 (yote ni maeneo ya makaa huko Marekani). Lakini kwa asidi, la kwanza lilitoa wastani wa asilimia 30 ya metali zake, la pili 70. Piga hesabu: jivu maskini ndilo lililotoa zaidi. Siri ni kalsiamu. Jivu lisilo nayo ya kutosha huzifungia metali ndani ya chembe za kioo zilizomo kwenye jivu, na asidi haipenyi.

Hatua ya 3. Kioo hicho kinavunjwa na kostiki, ile ile ya watengeneza sabuni. Changanya na jivu uzito sawa kwa sawa, choma kwa nyuzi 450 kwa nusu saa kwenye kikombe cha nikeli. Alumini usithubutu, kostiki inaila. Miwani na glavu muda wote. Na kwa joto la Dar, kostiki inatoa jasho ukiiacha wazi, kwa hiyo pima haraka ufunike kopo.

Hatua ya 4. Saga, kisha osha kwa maji mengi ili silika (ndiyo iliyounda kile kioo) iondoke. Mara ya kwanza niliosha kwa haraka haraka. Nilipotia asidi, bika nzima ikaganda kama uji wa muhogo, ikakataa kuchujika. Siku mbili zikaenda na maji.

Hatua ya 5. Yeyusha mabaki kwenye asidi hidrokloriki ya moto. Ukiizimua, asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si kinyume.

Hatua ya 6. Pandisha pH (kipimo cha ukali wa asidi; ikipanda, ukali unapungua) polepole hadi 3.5 hivi. Chuma kitatuama, na thoriamu nyingi (metali yenye mionzi) itaondoka nacho. Tope hilo lina mionzi kidogo: liwekee lebo, usilimwage sinki.

Hatua ya 7. Rudisha pH karibu na 1, tia asidi oksaliki ili metali adimu zituame, acha usiku kucha. Chuja, choma kwa nyuzi 800. Unatarajia unga wa kahawia hafifu. Ukitoka mweupe pe, shuku kalsiamu: pH ilikuwa juu mno, yeyusha tena urudie hatua hii.