Saa ikisema mazoezi ya baiskeli "hayana tija"

Saa janja ya mazoezi ikikuambia hivyo, usikimbilie kuongeza kilomita. Kagua kwanza mapigo ya moyo, maana saa huyatumia kupima mazoezi yako. Unapanda kutoka Moshi kwenda Marangu, pumzi zinakata, lakini saa inaonyesha mapigo 110 kwa dakika: hapo kihisi, yaani taa ya chini ya saa inayosoma mapigo, ndicho kimekosea. Kushika usukani kunakunja kifundo cha mkono, na mtikisiko wa barabara ya vumbi unapenyeza mwanga wa nje kwenye kihisi. Vaa saa vidole viwili juu ya kifundo, uikaze. Mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ni bora zaidi, ila ulowanishe kwa maji kabla ya kuuvaa.

Kisha rekebisha kwenye saa mapigo yako ya juu kabisa. Kanuni ya 220 kutoa umri huweza kukosea kwa mapigo 10 au zaidi, na kanda zote za mazoezi, yaani viwango vya mapigo kuanzia zoezi jepesi hadi gumu, zikapotoka. Weka namba kubwa uliyoipata mlimani ukiwa na mkanda.