Kuanza na askari wa malkia kwenye mashindano ya chesi

Ukipangiwa weupe kwenye mashindano ya wikendi hapa Nairobi, anza na d4: askari wa mbele ya malkia anaruka hatua mbili (herufi ni safu wima, namba ni safu mlalo kuanzia upande wa mweupe). Askari huyo analindwa na malkia tangu hatua ya kwanza. Yule wa e4 hana mlinzi.

Mpinzani akijibu d5, sogeza c4. Wengi humwonea huruma askari huyu bure. Akiliwa, cheza e3, na askofu wako wa f1 tayari anamkodolea macho aliyemla. Mweusi aking'ang'ania kwa b5, sukuma a4. Akijazia c6, kula b5. Naye akila b5, peleka malkia f3. Ngome ya a8 imeshikwa, na haiokoki bila kutoa farasi au askofu.

Akikataa kula na kucheza e6, toa farasi c3. Farasi wake akija f6, askofu wako aende g5 kabla ya e3, la sivyo anafungiwa ndani. Sasa mweusi anatoa farasi wa pili d7. Hapa ndipo watu huumia. Mkilana askari d5, yule wa d5 anaonekana wa bure, kwa kuwa farasi wa f6 akitoka, malkia wake analiwa. Usimguse! Farasi wako akimla, wa f6 anamla farasi wako papo hapo. Unakula malkia d8, kisha askofu wake anatua b4: cheki, yaani mfalme wako anashambuliwa, na huna cha kukinga ila malkia wako d2. Vumbi likitulia, umepoteza farasi kwa askari mmoja. Cheza e3 tu, halafu farasi f3.

Andika kila hatua baada ya kuicheza. Kwenye maandishi hayo farasi (knight) ni N, kwani K ni ya mfalme (king). Kete uliyoigusa kwa nia ya kucheza lazima uisogeze, kwa hiyo unapomficha mfalme kwa ngome (castling), gusa mfalme kwanza, mpeleke g1, ndipo ngome ihamie f1, yote kwa mkono mmoja. Hatua isiyo halali humwongezea mpinzani dakika 2 kwenye mchezo mrefu. Ya pili, umeshindwa.

Kama unatoka Rongai au Githurai, panda matatu mapema. Raundi ikianza, saa ya mweupe inakimbia hata kiti chake kikiwa kitupu.