Somo: Nani aliunda chasisi ya gari lako la farasi, na ilikuwa rangi gani?

Magari ya shamba ya Marekani yalikuwa na sehemu mbili: bodi ya mbao juu, na chasisi chini, yaani ekseli, magurudumu na mti wa mbele wa kufungia farasi. Bodi ikioza huwekwa nyingine. Kwa hiyo jina lililoandikwa ubavuni lisikudanganye. Mimi nimewahi kununua gari la kampuni ya Studebaker, kumbe ni la juu tu. Chini ilikuwa ya watu wengine kabisa.

Hatua ya 1: soma chuma. Vua gurudumu, futa grisi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha paka chaki kwenye kofia ya chuma iliyovishwa ncha ya ekseli. Herufi na vipimo vitajitokeza. Ila jina hilo huenda ni la waliosubu chuma tu, wakawauzia waundaji wengi.

Hatua ya 2: tafuta "PAT" (kifupi cha patent, yaani hataza, haki ya mvumbuzi) na tarehe. Hataza za Marekani hutolewa Jumanne. Tarehe uliyosoma isipoangukia Jumanne, rudi utazame tena. 3 iliyolika hufanana sana na 8. Gari halikuundwa kabla ya tarehe hiyo, lakini laweza kuwa la miaka mingi baadaye.

Hatua ya 3: fuata kiwanda. Studebaker walianza South Bend, Indiana, mwaka 1852. Waundaji wengine, Bain, walikuwa Kenosha, na Mitchell walikuwa Racine, miji yote ya jimbo la Wisconsin. Viwanda vilinunuana: International Harvester, kampuni ya mashine za kilimo iliyoundwa 1902, iliwachukua Weber wa Chicago. Nyaraka za International Harvester zimehifadhiwa Wisconsin Historical Society, mjini Madison.

Hatua ya 4: rangi, na hapa ndipo watu huharibu. Usikwangue palipopigwa na jua. Legeza bamba la chuma lililobana mbao, utazame chini yake. Chagua sehemu ndogo kama sarafu, uisugue kwa msasa laini uliolowa maji, polepole, mpaka matabaka yajipange kama pete za kitunguu. Maji ni lazima, maana rangi hizo zina madini ya risasi na vumbi lake ni sumu. Linganisha pete hizo mchana, nje, si chini ya taa. Wala usiamini sana picha za katalogi, kwani wino nao hupauka.

Maswali

Fundi Msasa: Shikamoo mwalimu. Chini kabisa nimekuta nyekundu ya machungwa. Ndiyo yenyewe?

Jibu: Marahaba. Usiharakishe. Huenda ni praima ya risasi, yaani rangi ya kutangulizia. Tafuta mistari myembamba ya mapambo: tabaka lililoibeba ndilo lililotoka kiwandani. Praima haichorwi mistari.

Mama Trekta: Yangu ni ya chuma tupu, ina matairi ya mpira, jina hakuna.

Jibu: Dada, tafuta matundu mawili au manne ya ribiti palipokuwa na kibati cha jina la kiwanda. Pima umbali kati yake, ulinganishe na chasisi zenye vibati. Anza na Electric Wheel wa Quincy, Illinois.

Kijana wa Iowa: Nikishajua rangi, nipake yote upya?

Jibu: Ni mali yako, mdogo wangu. Mimi ningeacha kipande cha ukubwa wa kiganja chini ya lile bamba, bila kukigusa.