Kuondoa Rangi ya Nguo Majini kwa Chembe za Sumaku za Mwarobaini

Kazi hii, ya kutengeneza chembe za chuma zinazonasa rangi majini kisha kuvutwa na sumaku, inafaa maabara ya shule au chuo hapa Mombasa, ambako mwarobaini haukosekani mtaani. Vaa glovu na miwani.

Chemsha gramu 20 za majani yaliyooshwa katika mililita 200 za maji yaliyokenekwa kwa dakika 20, kisha uchuje. Maji ya visima vya Kisiwani yana chumvi na chokaa, na madini hayo hushindana na rangi kushika uso wa chembe. Yaepuke tangu mwanzo.

Yeyusha gramu 5.4 za kloridi ya chuma(III) na gramu 2.8 za salfeti ya chuma(II), zote zikiwa fuwele za kawaida zenye maji ndani yake, katika mililita 100 za maji, ili upate uwiano wa moli 2 za chuma(III) kwa moli 1 ya chuma(II). Pasha hadi nyuzi 70, tia mililita 50 za maji ya majani, halafu dondosha hidroksidi ya sodiamu ya molari 1 huku ukikoroga, mpaka pH (kipimo cha asidi na alkali) ifike 10 au 11.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Tanini za majani huufanya mchanganyiko uwe mweusi mara tu zinapokutana na chuma, hata kabla ya magnetiti, yaani oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku, kuzaliwa, kwa hiyo weusi si ushahidi. Sogeza sumaku kando ya glasi: unga usipoikimbilia, magnetiti haijapatikana. Ukiikimbilia, mwaga maji huku sumaku ikiuzuia unga, uoshe hadi pH ikaribie 7, kisha uukaushe chini ya nyuzi 60.

Kwa jaribio, tia gramu 0.1 za unga katika mililita 100 za methileni buluu (rangi ya buluu ya majaribio) ya miligramu 10 kwa lita, kwenye pH 8. Koroga saa moja, ondoa unga kwa sumaku, upime rangi iliyobaki kwa spektrofotomita (kifaa cha kupima mwanga unaofyonzwa) kwenye nanomita 664, ukilinganisha na glasi nyingine isiyotiwa unga. Methileni buluu ina chaji chanya, na uso wa magnetiti huwa hasi pH inapopita 7 hivi. Ndiyo maana hushikana. Rangi nyingi za kutia vitambaa vya pamba zina chaji hasi, nazo huhitaji pH ya 4 hivi, lakini asidi ikizidi huyeyusha chuma chenyewe.

Rangi haikuharibiwa, imehamia kwenye unga. Ukiuosha kwa ethanoli yenye asidi kidogo unaweza kuutumia tena, ila maji hayo ya kuoshea yahifadhi kwenye chombo chenye lebo kwa ajili ya mtupaji wa taka za kemikali, wala yasimwagwe kwenye mtaro unaoishia hori ya Tudor.